Ajali moja, madai manne: nani analipa nini matatu ikikugonga kwa nyuma?

Swali: Nina Mazda Demio yenye bima komprehensivu, thamani iliyoandikwa ni Sh900,000. Jumatano iliyopita jioni nilikuwa nimesimama kwenye foleni Outer Ring Road, karibu na Donholm, Nairobi, matatu ikanigonga kwa nyuma na kunisukuma hadi nikagonga pikapu iliyokuwa mbele yangu. Buti haifungi na bampa ya mbele imepasuka. Nilikuwa na wifi yangu. Siku hiyo alikuwa sawa, lakini kesho yake shingo ikaanza kumuuma. Kondakta alitaka kunipa Sh15,000 tumalizane, nikakataa. Dereva wa matatu anasema bima yao italipa kila kitu. Broka wangu anasema nitumie bima yangu, ila nitalipa ekses (sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe) na nitapoteza diskaunti (punguzo la ada kwa kutodai). Mwenye pikapu naye ananipigia simu kila siku nimlipe taa yake. Kwa nini nilipe ilhali kosa si langu? Nidai kwangu au kwao? Na wifi yangu analipwa na nani?

Jibu:

Pole sana, dada yangu, na umpe wifi pole zangu. Kabla ya mambo ya pesa, shingo yake. Gari likigongwa kwa nyuma, mwili husukumwa mbele na kiti wakati kichwa bado kimebaki nyuma, kisha kichwa hurushwa ghafla. Misuli na kano za shingo huvutika, na maumivu huweza kuchelewa siku moja au mbili. Aende hospitali sasa, hata kama anajikaza. Akianza kuhisi ganzi au sindano mikononi, mikono au miguu ikalegea, au akashindwa kuzuia mkojo, hiyo ni dharura, asisubiri asubuhi. Daktari aandike tarehe ya ajali na jinsi ilivyotokea, na kila stakabadhi itunzwe. Karatasi hizo zitamfaa baadaye kuliko maneno yoyote.

Sasa swali lako. Umeuliza kama udai kwako au kwao, kana kwamba kuna dai moja la kuchagulia mlango. Ajali hii imezaa madai manne. La kwanza ni gari lako. La pili ni pikapu. La tatu ni shingo ya wifi, pamoja na maumivu yako wewe kama yapo. La nne ni hasara zako ambazo bima yako hailipi: ekses, nauli za siku ulizokaa bila gari, na kadhalika. Kila moja lina mwenyewe, lina mlipaji wake na lina muda wake. Broka wako anazungumzia la kwanza, dereva wa matatu anazungumza kana kwamba yote ni moja, na mwenye pikapu anajua lake tu. Ndiyo maana wote watatu wanakuambia mambo tofauti na bado kila mmoja ana ukweli kidogo.

Vyema ulikataa zile Sh15,000, na nieleze kwa nini, maana wengi huzichukua. Kampuni yako ikishakulipa, sheria inaipa haki ya kuchukua nafasi yako na kumdai aliyesababisha ajali. Ukipokea pesa barabarani na kuandika kijikaratasi kwamba "tumemalizana", umeiuza haki ambayo si yako peke yako. Kampuni inaweza kukataa dai lako kwa sababu hiyo, nawe ukabaki na elfu 15 za gari lililopinda. Mkataba wako pia, kama mikataba mingi ya bima ya magari, unakukataza kukubali kosa, kuahidi malipo au kulipa mtu bila idhini ya kampuni. Hilo linamhusu mwenye pikapu, tutamfikia.

Kama bado hujapata abstrakti ya polisi, yaani karatasi yao rasmi inayoeleza ajali, hiyo ndiyo kazi ya kesho. Sheria ya Trafiki inamtaka dereva aripoti ajali ndani ya saa 24 iwapo hakubadilishana maelezo na wahusika, lakini hata mliobadilishana mnahitaji kuripoti kwa ajili ya bima. Nenda kituo kilichoandika ajali hiyo, chukua nambari ya OB (kitabu cha matukio cha kituo) na uombe abstrakti. Kisha isome ukiwa bado mezani pa askari: nambari za magari yote matatu, jina la kampuni ya bima ya matatu, nambari ya cheti chake na tarehe kinapoisha, na majina ya walioumia. Kama jina la wifi halimo, dai lake linaanza na mguu mmoja. Si ajabu kukuta jina la kampuni limeandikwa vibaya au nambari ya cheti imerukwa, na kurekebisha baada ya miezi 6 ni kazi nzito kuliko kusimama pale dakika 10 zaidi. Usishtuke ikiandikwa kwamba uchunguzi unaendelea. Maneno hayo hayazuii bima yako kutengeneza gari lako.

Tuje kwenye gari. Ushauri wa broka wako ni mzuri: litengenezwe kwa bima yako. Umeuliza kwa nini ulipe wewe na kosa si lako. Bima komprehensivu haiulizi kosa ni la nani inapokuja kwa gari la mwenye bima. Ni mkataba kati yako na kampuni. Wewe na bima ya matatu hamna mkataba wowote. Kisheria wajibu wao mkubwa kwako huja baada ya mahakama kuamua kwamba mteja wao alikosa. Kabla ya hapo wanaweza kuelewana nawe, na mara nyingine huelewana, lakini hata faili haliendi mbele mpaka mwenye matatu aripoti ajali kwao, na wenye matatu wengi hawana haraka hiyo. Kuna na jambo ambalo watu wengi hawalijui: bima ya lazima chini ya Sura ya 405 (sheria ya bima ya magari) ni ya kifo na majeraha ya watu. Uharibifu wa mali hauko kwenye ulazima huo. Mikataba mingi huuongeza kwa kiwango fulani, lakini usijenge matumaini juu ya mkataba ambao hujauona.

Hesabu yako ikoje? Tuseme gereji imekadiria Sh180,000. Ekses kwa magari ya binafsi mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani iliyoandikwa, na kuna kiwango cha chini, mathalan Sh15,000. Kwako asilimia 2.5 ya 900,000 ni Sh22,500. Kampuni italipa gereji Sh157,500, wewe utamalizia 22,500. Angalia kwanza kama wakati wa kukata bima ulilipia nyongeza ya kufuta ekses. Watu hulipia wakasahau. Kama dereva alikuwa kijana au leseni yake ni mpya, kuna ekses ya ziada juu ya hiyo.

Kisha tazama ile Sh900,000. Je, ndiyo bei ya gari lako sokoni leo? Kama asesa, yaani mkaguzi anayeikadiria hasara kwa niaba ya kampuni, ataona thamani yake halisi ni Sh1,200,000, na mkataba wako una kipengele cha bima pungufu, kampuni itasema ulikata bima ya robo tatu ya gari, kwa hiyo italipa robo tatu ya hasara. Robo tatu ya 180,000 ni 135,000. Toa ekses, inabaki Sh112,500. Pengo la Sh67,500 ni lako. Ukitengeneza bima mpya mwaka ujao, peleka gari lifanyiwe tathmini. Ni bure kwa kampuni nyingi ukiwa unakata komprehensivu, na barua wanayokupa inafunga mjadala huu.

Utaratibu wenyewe hauna uchawi. Jaza fomu ya madai, ambatisha abstrakti, nakala ya logibuku, kitambulisho, PIN ya KRA na leseni ya dereva iliyokuwa hai siku hiyo. Eleza kilichotokea kwa maneno yale yale uliyowaambia polisi: nilikuwa nimesimama, nikagongwa, nikasukumwa. Gari liende gereji iliyo kwenye orodha ya kampuni yako, wala fundi asifungue kitu kabla ya asesa kufika na kupiga picha.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo watu wenye haki zao kamili hupoteza. Asesa wa kwanza huona gari likiwa bado limevaa bampa. Fundi akishaitoa, huenda akakuta sakafu ya buti mahali pa spea taya imekunjamana, au nguzo za chesisi nyuma zimejikunja kama akodioni. Hayo hayakuwa kwenye makadirio. Kazi lazima isimame pale, gereji iandike makadirio ya nyongeza, asesa arudi aone kwa macho. Gereji ikiendelea bila idhini, kampuni haitalipa nyongeza, na fundi atatafuta njia ya kufidia hasara yake ndani ya gari lako: kunyoosha pale palipostahili kukatwa na kubadilishwa, puti nene, spea ya mtumba ya Kirinyaga Road iliyopigwa rangi na kuandikwa mpya. Uliza mapema kimaandishi ni spea zipi zitakuwa mpya na zipi zitakuwa za mtumba kutoka Japani, na kama utachangia chochote kwa spea mpya kuchukua nafasi ya kuukuu.

Siku ya kuchukua gari utapewa karatasi ya kuonyesha umeridhika. Usitie sahihi ukiwa ofisini. Toka nje kukiwa na mwanga wa jua, chuchumaa nyuma ya gari utazame nafasi kati ya buti na mabawa ya pande zote mbili. Iwe sawa kulia na kushoto kutoka juu hadi chini. Fungua na ufunge buti mara kadhaa bila kuligonga. Inua zulia la buti uangalie maungio ya sakafu. Mimina maji juu ya mpira wa buti uone kama yanaingia. Endesha barabara iliyonyooka na ulegeze mikono kidogo, ukihisi kama gari linavuta upande. Likivuta, au tairi za nyuma zikaanza kula upande mmoja baada ya wiki chache, kipimo cha magurudumu hakikurudishwa sawa. Kampuni nyingi humtuma asesa akague tena baada ya matengenezo. Omba ukaguzi huo hata usipoambiwa.

Kama gharama ya matengenezo itapita kiwango kilichotajwa kwenye mkataba, ambacho mara nyingi ni karibu nusu ya thamani ya gari, kampuni itasema gari si la kutengenezwa. Utalipwa thamani yake ukitoa ekses, nayo kampuni ichukue mabaki, au ubaki nayo yakatwe kwenye malipo. Kwa uharibifu uliouelezea sidhani mtafika huko, lakini chesisi ikiwa imepinda sana mazungumzo hayo yanaweza kuja.

Na diskaunti? Broka ana haki kukuonya, lakini mwulize swali la pili: kampuni ikirudishiwa pesa zote na bima ya matatu, diskaunti inarudi? Kampuni nyingine huirudisha, nyingine hazina utaratibu huo. Pata jibu kwa barua pepe. Kisha linganisha: ikiwa diskaunti utakayoikosa pamoja na ekses ni pesa ndogo kuliko matengenezo, tumia bima yako bila kujiuliza mara mbili. Kwa hasara ya Sh180,000 jibu ni wazi. Ingekuwa bampa ya Sh25,000, ningekuambia usiiguse bima kwa matengenezo, ingawa kuripoti ajali kwa kampuni ungeripoti tu, sababu ya pikapu na wifi.

Mwenye pikapu ana haki ya taa yake, ila si kwako. Kama ulikuwa umesimama ukasukumwa, aliyemgonga ni matatu kupitia gari lako. Shida itakuja matatu ikidai kwamba wewe ulimgonga pikapu kwanza, ndipo yenyewe ikakugonga wewe. Ushahidi upo, na sehemu yake iko kwenye bampa. Gari likifunga breki kwa kasi, pua huinama. Likigonga hivyo, alama kwenye gari la mbele hubaki chini ya kimo cha kawaida cha bampa. Gari lililokuwa limesimama likasukumwa huacha alama karibu na kimo chake. Asesa pia atalinganisha nyuma yako iliyoumia sana na mbele iliyoumia kidogo. Na dereva wa pikapu mwenyewe ni shahidi wako mkubwa: alisikia kishindo kimoja au viwili? Kimoja kinakusaidia wewe. Mwombe kwa upole aeleze hivyo polisi, maana kinamsaidia na yeye kumjua wa kumdai. Piga picha za bampa yako ya mbele na nyuma ya pikapu kabla hazijatengenezwa, ukiweka rula au futi ya fundi kando ionyeshe kimo kutoka chini.

Simu zake zijibu kwa sentensi moja: "Ndugu yangu, pole, nimeripoti kwa bima yangu na hii ndiyo kampuni ya bima ya matatu na nambari ya dai." Usimpe ahadi, usimtumie hata elfu mbili za kumtuliza. Akikuandikia barua ya madai, au ukiletewa hati ya kuitwa mahakamani, ifikishe kwa kampuni yako siku hiyo hiyo na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wao ndio hukuwekea wakili. Watu hukaa na hati hizo kwenye droo wakidhani broka anajua, na hukumu inatolewa bila wao kusikilizwa.

Wifi yako sasa. Kwa matatu, yeye ni mtu wa tatu, yaani aliye nje ya mkataba wa bima yake, na ile bima ya lazima imewekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Sheria imeweka kikomo cha Sh3,000,000 kwa mtu mmoja. Kinachozidi hapo hudaiwa mwenye gari mwenyewe. Asidhani bima yako itamlipa fidia kubwa. Sheria haikulazimu kumkatia bima abiria wa gari la binafsi, na kipengele cha matibabu kwenye mkataba wako, kama kipo, mara nyingi ni makumi ya maelfu tu. Kitumie kwa gharama za sasa hivi, kampuni ikikubali, lakini dai lake kubwa ni kwa mwenye matatu.

Anachohitaji ni abstrakti yake mwenyewe, fomu ya P3 (ya polisi ya kuandika majeraha) iliyojazwa na polisi kisha daktari, karatasi za matibabu, na stakabadhi za kila shilingi. Mahakama za Kenya ni kali hapa: gharama zilizokwisha kutumika lazima zitajwe kwenye kesi kwa kiasi chake na zithibitishwe. Nauli bila risiti, dawa bila risiti, ni kama hazikuwahi kununuliwa. Muda wa kufungua kesi ya uzembe ni miaka 3 tangu siku ya ajali, na mazungumzo na kampuni hayasimamishi saa hiyo. Asikimbilie kutia sahihi karatasi ya malipo ya mwisho wakati shingo bado inauma, kwa kuwa baada ya sahihi hiyo hata kipimo kikionyesha tatizo kubwa hakuna kurudi. Na yule mtu atakayemfuata hospitali akimwambia ana wakili anayelipisha haraka, asimpe kitambulisho wala asitie sahihi kwake. Achague wakili mwenyewe, aende ofisini kwake, aelewe ada kwa maandishi. Wakili huyo lazima aipe bima ya matatu taarifa ya kesi ndani ya muda uliowekwa na sheria. Akiisahau, hukumu inaweza kupatikana na kampuni isilazimike kuilipa.

Limebaki dai la nne. Ile ekses ya Sh22,500 na gharama za usafiri ni zako kuzidai kwa mwenye matatu. Kampuni yako ikiandika barua yake ya kudai marejesho, omba wajumlishe ekses yako humo. Wengi hufanya ukiomba, wachache hufanya usipoomba. Ikishindikana, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya uharibifu wa mali hadi Sh1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka iamue ndani ya siku 60. Ipo Milimani. Beba abstrakti, risiti ya ekses kutoka gereji, na risiti za teksi zenye tarehe zinazolingana na siku gari lilikuwa gereji. Umdai mwenye matatu aliyesajiliwa, ambaye utampata kwa kutafuta rekodi ya usajili NTSA (mamlaka inayosajili magari), pamoja na dereva.

Mambo mawili yangenifanya nikuambie uache kusoma majibu ya mtandaoni ukaonane na wakili ana kwa ana wiki hii. Moja ni kampuni yako kukataa dai kwa maandishi, kwa mfano ikisema leseni ilikuwa imeisha, au kwamba gari la binafsi lilikuwa likibeba abiria wa programu ya teksi. Kama hilo la teksi ni kweli, mwambie wakili ukweli wote kabla ya kampuni. Jingine ni ukipokea hati ya mahakama ambayo kampuni inakataa kuishughulikia. Lakini kama hawakukataa, wanakuzungusha tu, hapo hauhitaji wakili kwanza. Sheria ya Bima inaipa kampuni siku 90 tangu dai liripotiwe. Hesabu kutoka tarehe ya muhuri kwenye fomu yako, andika malalamiko kwa kampuni yenyewe, na wasipojibu yapeleke kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, Upper Hill, Longonot Road. Hawalipishi. Ambatisha nakala ya fomu, abstrakti na barua pepe zote kwa mpangilio wa tarehe, ya zamani juu, ili anayelisoma faili lako aone siku zilivyopita.